Isambaza: mgeni aliyewaponya wenyeji wa Kivu

Alfajiri, wakati askari wa zamu ya usiku kwenye mpaka wa Rusizi anapojiandaa kumkabidhi mwenzake lindo, kuna watu wengine upande wa ziwa ambao nao wanamaliza zamu yao. Husikika kabla ya kuonekana. Sauti za wapiga makasia huja zikiitikiana gizani, mmoja akianzisha na wenzake wakipokea, na baada ya kitambo hutokeza umbo la ajabu juu ya maji: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi, miti yenyewe ikichomoza mbele na nyuma mithili ya papasi za mdudu mkubwa. Jua linapoanza kupanda upande wa msitu wa Nyungwe, mitumbwi hiyo huwa imekwisha kufika ufukoni, na akina mama wenye mabeseni wamekwisha kuizunguka.

Wanachokigombania ni samaki mdogo wa rangi ya fedha, ambaye kwa kawaida haupiti urefu wa kidole cha mtu mzima. Wanyarwanda humwita isambaza. Ng'ambo ya mto, katika mji wa Bukavu, watu humwita sambaza. Msomaji wa Kigoma au wa Bujumbura akiletewa sahani yake atasema bila kusita kwamba huyu ni dagaa wa Tanganyika, naye hatakuwa amekosea. Isambaza si mzaliwa wa Ziwa Kivu. Ni mgeni, tena mgeni aliyeletwa kwa mkono wa binadamu, na umri wake ziwani humo haujafikia miaka mia moja. Walakini leo ni vigumu kuifikiria Cyangugu bila yeye.

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini ziwa kubwa kama hilo lilihitaji mgeni. Kivu liko juu sana, karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 2,400, Rwanda na Kongo zikiligawana. Zamani za kale maji yake yalitiririka kuelekea kaskazini, katika njia ya Nile. Kisha volkano za Virunga zikainuka na kuziba njia hiyo; ziwa likajaa hadi lilipopata upenyo upande wa kusini, na ndivyo ulivyopatikana mto Rusizi. Mto huo huteremka karibu mita 700 kabla ya kufika Tanganyika, ukipita katika magenge na maporomoko. Maji hushuka, samaki hawawezi kupanda. Kwa sababu hiyo Ziwa Tanganyika, lenye mamia ya aina za samaki, halikuweza kumpa jirani yake wa juu utajiri huo.

Samaki wa asili wa Kivu walikuwa wachache wa aina, nao wakikaa zaidi kandokando: sato, kambare, na visamaki vidogo vya mawe na majani. Katikati ya ziwa, vijidudu vya majini vilizaliwa, vikaelea na kufa pasipo samaki wa kuvila. Lilikuwa shamba lililoota lenyewe, lisilo na mvunaji.

Kati ya mwaka 1958 na 1960 wataalamu wa Kibelgiji, akiwamo Collart, walivua makumi ya maelfu ya vifaranga vya dagaa katika Ziwa Tanganyika na kuvipandisha Kivu. Waliokusudiwa zaidi ni ndagala, ndiye dagaa mashuhuri wa Tanganyika. Ndagala hakushika. Aliyeshika ni ndugu yake, ambaye katika elimu ya viumbe huitwa Limnothrissa miodon, na ambaye wavuvi wa Burundi humwita lumpu. Mara nyingi kazi za watu huwa hivyo: huletwa huyu akabaki yule. Samaki huyohuyo ndiye aliyepelekwa Ziwa Kariba mwaka 1967 na 1968, na huko Zambia na Zimbabwe akapata jina la kapenta na umaarufu mkubwa.

Katika Kivu mambo yalikwenda polepole. Uhuru wa Rwanda ulipatikana mwaka 1962 na shughuli zilikuwa nyingi. Wachache waliomkumbuka dagaa wa Wabelgiji. Ilikuwa katika miaka ya 1970 ndipo ilipobainika kwamba mgeni amezaana na kuenea ziwa zima. Mwaka 1979 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianza na serikali ya Rwanda mradi wa kuwafundisha watu kumvua. Wavuvi wa pwani, waliozoea ndoana na nyavu za kando, walijifunza kwenda kina kirefu usiku, na ule mtindo wa mitumbwi mitatu ukaenea.

Si kila mtu aliyefurahi. Mwaka 1986 mtaalamu mmoja wa Ubelgiji, Henri Dumont, aliandika akitahadharisha kwamba dagaa huyu amekula vijidudu wakubwa wa ziwa hadi mmoja wao kutoweka, na kwamba uvuvi wenyewe ungeweza kuporomoka kwa njaa ya samaki. Onyo hilo halikutimia kama lilivyoandikwa. Isambaza wangalipo. Lakini lisipuuzwe pia, kwa maana lilieleza jambo la kweli: ghala la Kivu si kubwa kama maji yake yanavyoonekana.

Mtu anayelitazama ziwa hili kutoka kilima cha Kamembe hudhani kwamba samaki wake hawana mwisho. Kina chake kinafika mita 485. Hata hivyo, chini ya mita sitini au sabini hivi hakuna hewa ya kumtosha samaki. Huko chini yamejaa maji mazito yenye gesi ya kaboni na methani, ile methani ambayo tangu mwaka 2016 inazalisha umeme huko Karongi. Samaki wote wa Kivu wanaishi katika tabaka jembamba la juu. Vipimo vya kitaalamu vilivyofanywa kwa mawimbi ya sauti vilikisia kwamba isambaza wote walio hai kwa wakati mmoja ni tani elfu chache tu. Ni kama chungu kirefu ambacho mchuzi wake umo juujuu, na familia mbili zinachovya.

Usiku wa kazi, mitumbwi huondoka jua likizama. Katika kila kundi la mitumbwi mitatu huwamo watu kumi au zaidi. Wakifika mahali walipopachagua, huwasha taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zenye mvumo na harufu yake. Siku hizi nyingi ni taa za betri, nafuu na salama zaidi kwa mvuvi asiyetaka kubeba moto juu ya mbao. Wavu huteremshwa katikati ya mitumbwi, ukaning'inia kutoka kwenye ile miti mirefu kama kitambaa kikubwa kilichoshikwa pembe. Kisha ni kungoja. Mchana isambaza hukaa chini chini. Usiku hupanda kufuata vijidudu, na vijidudu hufuata mwanga. Samaki wakikusanyika vya kutosha, wavu huinuliwa kwa nguvu za wote kwa pamoja, na wimbo hapo si burudani bali ni kipimo cha kuvuta, ili upande mmoja usitangulie mwingine na samaki wakamwagika.

Kazi hiyo huwa ngumu mwezi unapokuwa mpevu. Ziwa zima likiwaka nuru ya mbalamwezi, taa ya mvuvi haina cha ziada cha kumwonyesha samaki, na wengi hukaa nyumbani wakishona nyavu. Shida nyingine ni upepo. Ziwa Kivu halina mamba, jambo linalowastaajabisha wageni kutoka Tanganyika, lakini dhoruba zake za ghafula zimekwisha kuzamisha mitumbwi mingi, na koti la kuelea linalobaki nyumbani msumarini halimsaidii aliyeko majini.

Ufukoni kazi hubadilisha mikono. Kutoka hapo samaki ni mali ya akina mama. Wao hupima, hubishana bei, huosha, huanika, hukaanga na kuuza. Isambaza huoza upesi; aliyevuliwa usiku ni lazima awe ameuzwa, amekaangwa au ameanikwa kabla ya jua kuwa kali. Ndiyo maana soko la samaki la Rusizi ni soko la asubuhi, na mchuuzi anayechelewa mitumbwi huwa ameipoteza siku yake. Sehemu kubwa ya samaki hao huvuka daraja kwenda Bukavu, mji ambao wakazi wake ni wengi mara nyingi kuliko wa Kamembe. Wakati mpaka ulipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, waliolia kwanza hawakuwa wenye maduka bali wanawake hao wa beseni moja, ambao mtaji wao wote hubebwa kichwani.

Sasa lipo jambo ambalo wengi hawalijui, hata miongoni mwa wale wanaokula isambaza kila wiki, nalo ndilo lenye kuamua kama samaki huyu atabaki au la. Isambaza wazima hukaa kina kirefu. Watoto wao hawakai huko. Vifaranga hukulia kando, katika maji ya kina kifupi, kwenye vihori na karibu na majani, mahali ambapo mtoto wa shule anaweza kuingia maji yakimfika kiunoni. Kwa hiyo yule samaki mzima, mwenye kuuzika, hulindwa na gharama: anayemtaka lazima awe na mitumbwi mitatu, taa, wavu mkubwa na watu kumi. Lakini kifaranga hana ulinzi wowote. Anayemtaka anahitaji chandarua kikuukuu na mwenzake wa kushika upande wa pili.

Na chandarua kipo katika nyumba nyingi. Serikali imekigawa ili kuzuia malaria, na kinapochakaa, au hata kabla hakijachakaa, huonekana siku nyingine kikikokotwa ufukoni. Kinachopatikana ni vifaranga vyembamba kama sindano, ujazo wa sahani, mboga ya jioni moja. Lau vingeachwa kwa miezi michache vingejaza mabeseni kadhaa. Haifai, hata hivyo, kumsema anayevuta chandarua hicho kana kwamba ni mhalifu aliyezaliwa hivyo. Mara nyingi ni mtu asiye na sehemu katika mitumbwi ya ushirika, mwenye shamba dogo kwenye mteremko, na watoto wanaongoja. Katika kisiwa cha Nkombo, ambako watu husema lugha iliyo karibu na Kihavu na Kimashi na ambako ardhi ni haba, ziwa ndilo shamba la pili la kila familia. Kumwambia mtu wa hapo aache pwani bila kumwonyesha njia ya kuingia katika mitumbwi ya kina kirefu ni kumpa nusu ya neno.

Kila mwaka Rwanda hulifunga ziwa kwa kipindi cha miezi miwili hivi, kwa kawaida kuanzia mwezi wa Agosti, ili samaki wapate kuzaa na vifaranga vikue. Nyavu huanikwa, mitumbwi huvutwa nchi kavu na kuzibwa nyufa, na kikosi cha polisi cha majini hufanya doria. Nyavu haramu zinazokamatwa huchomwa moto hadharani. Askari anayeshiriki doria hiyo huwa katika hali isiyo nyepesi: anayemkamata saa nane za usiku si adui aliyevuka na silaha, bali ni mtu mwenye umri wa baba yake, amelowa, anatetemeka, na ndani ya mtumbwi mna samaki wasiojaza ndoo. Ni lazima sheria isimamiwe, kwa kuwa anayefumbiwa macho usiku mmoja huwafungulia njia ishirini walioheshimu katazo wakala mboga za majani. Lakini askari anayeijua tabia ya vifaranga atajua pia mahali pa kuanzia. Doria ya katikati ya ziwa huonekana kwa macho na kuvuma. Doria ya vihori vidogo, kwa miguu, mchana, pamoja na viongozi wa vijiji na wavuvi wenyewe, ndiyo inayowagusa wale samaki ambao kufungwa kwa ziwa kumekusudiwa kuwaokoa.

Tatizo jingine halimo katika uwezo wa askari mmoja. Mstari wa mpaka hauonekani majini. Nyavu za upande huu zinapoanikwa huku za ng'ambo zikizamishwa, mvuvi wa Rusizi hukaa ufukoni akihesabu taa za wenzake usiku, na moyo wake humwambia kwamba samaki anaowatunza wanaliwa na jirani. Hilo limewafanya wengine kuvuka mstari na kukamatwa ugenini. Samaki hawana kitambulisho cha taifa, na nchi zote mbili zinajua hivyo.

Cyangugu haiko peke yake katika fumbo hili. Ghana, kwenye pwani ya Afrika Magharibi, ilitaka kuwafungia bahari wavuvi wa mitumbwi mwaka 2018, wavuvi wakagoma kukubali, serikali ikaahirisha. Mwaka 2019, baada ya mazungumzo, bahari ikafungwa kwa mwezi mmoja. Na huko alikotoka isambaza mwenyewe, Tanzania ilisitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024. Kigoma, mji uliojengwa juu ya dagaa, ulikaa miezi mitatu bila taa za wavuvi kuonekana ziwani.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na katika Kivu msemo huu una maana ya jikoni hasa. Isambaza huliwa mzima, kichwa na mifupa, na kwa hiyo huleta mwilini chokaa ya mifupa, madini ya chuma na vitamini ambavyo mnofu mtupu wa samaki mkubwa hauna kwa kiasi hicho. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2019 hadi 2020 ulionyesha kwamba katika kila watoto mia moja wa Rwanda walio chini ya miaka mitano, thelathini na watatu walikuwa wamedumaa. Sahani ya isambaza mara mbili tatu kwa wiki si dawa ya yote, lakini ni msaada ulio karibu na ambao mama anaweza kuumudu.

Mnunuzi atazame macho: yawe maangavu, na tumbo liwe gumu lisilopasuka. Samaki wabichi huoshwa mara tatu kwa maji ya chumvi kidogo, hutiwa ndimu, hugaragazwa katika unga wa mahindi au wa muhogo na kukaangwa katika mafuta yaliyopata moto sawasawa, wachache wachache, la sivyo hunyonya mafuta na kulegea. Wale wakavu hulowekwa maji ya uvuguvugu kwa muda mfupi, hukamuliwa, kisha hupikwa na kitunguu na nyanya, au hutiwa ndani ya sombe dakika za mwisho, kando ya ugali wa muhogo. Kwa mtoto aliyeanza kula, isambaza wakavu waliosafishwa hukaushwa tena kikaangoni, husagwa wakawa unga laini, na kijiko kimoja hutiwa katika uji. Unga huo ukihifadhiwa katika chombo kikavu chenye mfuniko hukaa wiki kadhaa.

Hifadhi hiyo ndiyo inayozitofautisha nyumba wakati ziwa limefungwa. Ujira wa mvuvi ni fungu la samaki, si mshahara. Asipokwenda ziwani hana kitu. Miezi ile miwili bei ya samaki hupanda, sokoni huonekana zaidi sato wa vizimba na dagaa wakavu wa kutoka mbali, na nyumba ambayo mama aliweka akiba katika kikundi, au aliyeanika magunia mawili ya isambaza mwezi wa Juni, hupita salama. Nyumba ambayo fungu la kila asubuhi liliishia kwenye kilabu cha pombe ndiyo inayotazama chandarua kwa jicho jingine. Baadhi ya vyama vya ushirika vya wavuvi vimeanza kukata kidogo kidogo katika kila mauzo na kuwarudishia wanachama wakati wa kufungwa. Ni mpango usio na kelele, na pengine unaokoa vifaranga vingi kuliko mioto ya nyavu.

Tangu mwaka 2006 mgeni wa pili ameonekana ziwani, samaki mwingine wa Tanganyika ambaye watu wamempa jina la Rwanda Rushya. Hakuna aliyemwalika, na kwa kuwa anakula chakula kilekile cha isambaza, wavuvi humtazama kwa mashaka, ingawa wachuuzi hawakatai kumkaanga.

Usiku ziwa linapofunguliwa, watu wa Cyangugu hutoka kwenye vibaraza kutazama. Taa huanza moja moja, upande wa Nkombo, kisha upande wa Gihaya, hata maji yakawa na nyota zaidi kuliko mbingu. Wazee huhesabu mitumbwi. Akina mama hawahesabu. Hulala mapema, mabeseni yakiwa yameoshwa na kuegemezwa mlangoni.